Prosesa inachemka kwenye gemu: tazama joto linavyopanda

Uko katikati ya gemu. Feni zinaanza kunguruma, picha inakwama na kuachia, inakwama na kuachia, na ukifungua programu ya kupimia joto unakuta prosesa, ubongo wa kompyuta, iko kwenye nyuzi 96 za Selsiasi. Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaoagiza kipozaji kipya jioni hiyohiyo. Wapo wanaowauliza wenzao kama nyuzi 96 ni mbaya, wakapata majibu kumi yanayopingana, na yote kumi yanaweza kuwa sahihi.

Yanaweza kuwa sahihi kwa sababu namba hiyo ikiwa peke yake haisemi mengi. Prosesa ambayo kipozaji chake kimelegea skrubu moja inafika 96. Iliyomo ndani ya kasha lililozibwa na vumbi inafika 96. Na ipo iliyo nzima kabisa, imefungwa vizuri, inayofika 95 kwa sababu mtengenezaji aliipanga ifike hapo. Zinachotofautiana ni safari: moja imefika kwa sekunde mbili, nyingine kwa dakika ishirini, ya tatu imefika ikatulia bila kupoteza mwendo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye kompyuta inayochemka huwa ni "imefikaje?" kabla ya "imefika ngapi?"

Joto linatoka wapi, linakwenda wapi

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Mle ndani hakuna kinachonyanyuliwa wala kusukumwa. Zikiingia wati 120, lazima zitoke wati 120 za joto, kama jiko dogo. Kuna mabilioni ya transista, swichi ndogo mno za umeme, zinazowaka na kuzima, na jumla ya gharama yake hutegemea vitu viwili tutakavyovirudia baadaye: mwendo, unaopimwa kwa gigahezi, na volti. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa takriban asilimia 10. Volti ni korofi zaidi. Athari yake huenda kwa mraba, hivyo asilimia 10 ya volti huzaa asilimia 21 ya joto. Na kwa kuwa mwendo wa juu hudai volti ya juu, ule mwendo wa nyongeza wa mwishomwisho ndio ghali kuliko wote.

Kisha kuna udogo wa eneo lenyewe. Prosesa za AMD za kizazi cha Zen 4 hubeba viini vinane (sehemu zinazofanya hesabu, kila kimoja kazi yake) kwenye kipande cha silikoni chenye milimita za mraba 70 hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho kikitoa wati 80, kila sentimita ya mraba inatema zaidi ya wati 110. Sahani ya jiko la umeme la wati 1,500, yenye kipenyo cha sentimita 18, hutoa kama wati 6 kwa eneo hilohilo. Ukilishika hili hutashangaa tena kwamba uwazi mwembamba kama karatasi, mahali ambapo chuma kilipaswa kugusana na chuma, unatosha kuharibu kila kitu.

Joto hutoka kwenye silikoni, hupanda kwenye kifuniko cha chuma, huvuka pesti (krimu inayopakwa kati ya kifuniko na kipozaji), huingia kwenye kipozaji, hupokewa na hewa iliyomo kwenye kasha, mwisho hutupwa chumbani. Kila kituo hutoza ushuru wake wa nyuzi. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 22 hadi 32, hizo 10 zitasafiri kinyumenyume hadi kwenye prosesa, karibu zote. Hakuna feni, wala kipozaji cha maji cha kawaida, kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba ilimo.

Sasa, vituo hivi havilingani uzito, na hapo ndipo kasi ya kupanda inapopata maana. Silikoni haifiki hata gramu moja. Haina pa kuweka joto, ikinyimwa njia hupaa kufumba na kufumbua. Kipozaji cha alumini chenye kilo moja ni habari nyingine: kukipandisha nyuzi moja kunahitaji kama jouli 900, yaani sekunde 9 za wati 100. Maji ya kipozaji cha maji huchelewa zaidi. Hewa ya kasha pamoja na mabati na vifaa vinavyoizunguka huhitaji dakika kumi hadi ishirini kufikia kilele. Joto linaloruka kwa sekunde, basi, limekwama karibu na silikoni. Linalojikokota kwa dakika limekwama mbali nayo.

Namba gani ni ya kuhofia

Kila prosesa ina kikomo alichokiandika mtengenezaji. Prosesa za Intel Core za mezani za kizazi cha 12 hadi cha 14 kikomo chake ni nyuzi 100. Prosesa nyingi za AMD Ryzen za mfululizo wa 5000 huishia 90, za 7000 huishia 95, na Ryzen 7 7800X3D huishia 89. Tafuta ya kwako kwa jina kamili la modeli kabla ya kukopa hofu ya mtu mwingine.

Ikikaribia kikomo, prosesa haiungui. Hupunguza mwendo na volti yenyewe, joto likishuka hujirudisha, na huko kupanda na kushuka ndiko unakokuona kwenye skrini kama picha inayokatakata. Hali haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware iling'oa vipozaji kwenye prosesa zilizokuwa zikifanya kazi: Pentium 4 ilijipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ikafuka moshi. Prosesa ya leo ikiwa hai baada ya kugonga kikomo, kinga yake imefanya kazi; unachokipoteza ni mwendo uliolipia.

AMD walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walieleza wazi kwamba modeli kubwa zimepangwa kufika 95 zikipewa kazi nzito inayojaza viini vyote, na kukaa hapo. Ni kweli, lakini maelezo hayo hutumiwa vibaya. Gemu ni nadra kujaza viini vyote. Prosesa ileile inayogusa 95 ikitengeneza video huwa chini sana ya hapo kwenye gemu. Kipimo changu ni hiki: kwenye gemu, 60 hadi 80 ni kawaida, 85 katika chumba chenye joto naipuuza, na kuanzia 90 naanza kutafuta sababu, hata kama kikomo kimeandikwa 100.

Kuna pia namba za uongo. Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 zilikuwa zikiripoti joto lililoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi ili feni za modeli zote zipangwe kwa namna moja, na programu ambazo hazikujua zilitangaza nyuzi 85 mahali penye 65. Kama programu mbili zinapishana sana, amini iliyosasishwa karibuni.

Pima kabla ya kushika bisibisi

Kwenye Windows, HWiNFO ni ya bure na inaonyesha karibu kila sensa. Kwenye Linux kuna kifurushi cha lm-sensors na amri ya *sensors*. Usiridhike na kuona kilele tu. Iambie programu iandike kwenye faili, kila sekunde moja ikiwezekana, kisha cheza nusu saa. Unataka safuwima tano: joto la prosesa, wati zake, mwendo wa viini, mzunguko wa feni, na joto la kadi ya grafiki. Andika pembeni chumba kilikuwa na nyuzi ngapi, maana bila hiyo huwezi kulinganisha vipimo vya leo na vya wiki ijayo.

Halafu fanya jaribio la pili bila gemu. Endesha Cinebench R23 kwa dakika kumi. Programu hiyo huikamua prosesa peke yake na kuiacha kadi ya grafiki ikipumzika. Prosesa ikipata joto zaidi kwenye Cinebench kuliko kwenye gemu, hiyo ndiyo kawaida. Ikiwa kinyume, yaani Cinebench inaisha kwa nyuzi 75 na gemu inafika 92 huku wati za prosesa zikiwa chache zaidi, mshitakiwa amejitaja: joto la kadi ya grafiki linaingia kwenye pua ya kipozaji cha prosesa.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni joto *linaposhuka*. Simamisha kazi ghafla na uangalie sekunde chache zinazofuata. Sehemu inayoanguka papo hapo ni tofauti iliyokuwapo kati ya silikoni na kipozaji. Sehemu inayoteremka taratibu baada ya hapo ni joto lililokuwa limejaa kwenye kipozaji chenyewe. Prosesa iliyotoka 92 ikaanguka hadi 48 ndani ya sekunde mbili ilikuwa imekaa juu ya kipozaji cha baridi ambacho joto halikifikii. Iliyotoka 92 ikaanguka hadi 74, kisha ikatambaa dakika mbili nzima kuelekea 45, kipozaji chake kilikuwa cha moto, ila hakikupata hewa ya kukipoza. Prosesa mpya zenye silikoni ndogo zitaanguka nyuzi ishirini au thelathini papo hapo hata zikiwa nzima, kwa sababu ya ule msongamano wa wati niliousema, kwa hiyo usihukumu kwa nyuzi tano. Tafuta tofauti inayopiga kelele.

Linaporuka

Umebonyeza kuanza, na kabla gemu haijamaliza kufunguka prosesa imeshafika 95. Gusa mapezi ya kipozaji kwa uangalifu, mbali na feni. Yakiwa ya uvuguvugu tu, joto halijavuka.

Sababu ya aibu kuliko zote ni ile plastiki nyembamba inayobandikwa chini ya kipozaji kipya ili kukilinda. Usicheke. Huachwa pale na watu wenye akili zao, na kompyuta huwaka vizuri tu, hufungua barua pepe vizuri tu, mpaka siku ya gemu ya kwanza.

Inayofuata ni mkao. Vipozaji vidogo vilivyokuja na prosesa nyingi za Intel hushikwa na vijiti vinne vya plastiki vinavyosukumwa kwenye mazabodi, bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Kijiti kimoja kikichomoka, upande mmoja wa kipozaji huinuka kidogo, na hewa huingia mahali pa pesti. Hewa husafirisha joto vibaya mno: shaba huipita kwa zaidi ya mara elfu kumi. Kompyuta iliyobebwa garini na kupitishwa kwenye mashimo, hasa ikiwa na kipozaji kizito kinachoning'inia, ikaguliwe hapa kwanza. Zima, chomoa waya wa umeme, jaribu kukitikisa. Kisicheze kabisa.

Kisha pesti. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo midogo isiyoonekana kati ya vyuma viwili, na imezidiwa sana na shaba kwa kupitisha joto, kwa hiyo tabaka lake linatakiwa kuwa jembamba kadiri iwezekanavyo. Baada ya miaka kadhaa ya kupata joto na kupoa, hukauka au husukumwa pembeni polepole. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Washa kompyuta dakika chache kwanza ili pesti ya zamani ilainike, zima, chomoa umeme, kisha *zungusha* kipozaji kidogo kushoto na kulia kabla ya kukivuta. Kwenye soketi ya AM4 hili ni la lazima, kwa sababu prosesa hushikwa kwa miguu yake tu, na kipozaji kilichogandiwa na pesti kavu kinaweza kuing'oa ikatoka nacho, miguu ikapinda. Futa pande zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi na alkoholi ya isopropili, weka tone la pesti lenye upana wa milimita nne au tano katikati, kwenye prosesa pana ongeza matone madogo pembeni, na kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo, usimalize moja ndipo uende nyingine. Mijadala ya kama pesti iwekwe kwa tone, kwa mstari au kwa msalaba imekula muda wa watu wengi kuliko nyuzi ilizookoa. Ikienea juu ya kifuniko chote, imetosha.

Soketi ya Intel ya LGA1700 ina kasoro yake: mkono wa kuifunga hukandamiza prosesa katikati, na kifuniko hupinda kidogo kiasi kwamba kipozaji hakikalii vizuri. Kuna fremu za kubadilisha mkono huo na kwa baadhi ya watu hushusha nyuzi chache. Mimi ningeiweka mwisho wa foleni, baada ya mengine yote, kwa sababu kuifunga vibaya huleta matatizo mapya ya kumbukumbu ya RAM yasiyofanana kabisa na joto.

Kwa kipozaji cha maji, chanzo kikuu cha joto kuruka ni pampu. Pampu ikifa, maji yaliyo juu ya prosesa huchemka mahali pamoja huku rejeta (mapezi yenye feni yanayopoza maji) ikiwa baridi, na hapo joto hupanda ndani ya dakika moja hata kompyuta ikiwa haifanyi lolote. Fungua BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa kompyuta ikianza kuwaka) uone kama mzunguko wa pampu unasomeka. Gusa mipira miwili inayopitisha maji: maji yakizunguka, tofauti yake ni ndogo, karibu usiisikie, mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, hayaendi. Wakati mwingine pampu ni nzima ila imechomekwa kwenye tundu la feni lililopangwa kupunguza mzunguko kompyuta ikitulia. Ipangie mzunguko kamili. Na pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mfumo, kwa sababu hewa kidogo iliyomo hukusanyika juu, na ikikusanyika ndani ya pampu utaanza kusikia mgugumio.

Linapojikokota

Mwanzo wa gemu 68. Baada ya dakika kumi 79. Dakika ya ishirini na tano 91, na picha inaanza kukwama. Huyu ana tatizo la hewa, na jaribio lake ni rahisi kuliko yote: fungua ubavu wa kasha, cheza tena muda uleule. Likishuka nyuzi tano hadi kumi na kitu, kasha linakosa hewa. Lisipobadilika, kasha ni zima. Rudi kwenye kipozaji chenyewe na feni yake. (Kuliacha kasha wazi moja kwa moja si tiba. Vumbi litaingia kwa uhuru, na katika makasha mengine upepo uliokuwa umeelekezwa vizuri huvurugika.)

Kumbuka kwamba prosesa ndiyo mpangaji mdogo humo ndani. Kwenye gemu huenda ikala wati 60 au 90, wakati kadi kubwa ya grafiki inakula 300. GeForce RTX 4090 imepangiwa hadi 450. Kadi nyingi hupuliza joto hilo ndani ya kasha, na kipozaji cha prosesa kiko juu yake, mahali hasa ambapo hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo kuboresha kipozaji cha prosesa wakati kasha halipumui ni kuajiri mpiga kasia mwenye nguvu kwenye mtumbwi uliotoboka.

Anza na vumbi, maana ni la bure. Vichujio vya mbele na chini, mapezi ya kipozaji, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vyote). Kati ya feni na mapezi ndipo linapojificha: ukitazama kwa nje unaona feni safi, ukiing'oa unakuta blanketi. Tumia hewa ya kopo au kipulizio, na shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwa sababu kuyazungusha kwa kasi kubwa huumiza beringi. Kifyonza vumbi cha nyumbani kiwekwe mbali na mazabodi. Hujenga umeme tuli.

Kisha mwelekeo wa upepo. Feni hutoa upepo kwenye upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Za mbele na chini ziingize, za nyuma na juu zitoe. Inaonekana jambo dogo, lakini makasha yenye feni zote zinazotoa, au zote zinazoingiza, ni mengi. Feni mbili au tatu za mbele na moja ya nyuma huwatosha wengi. Tatizo kubwa kuliko idadi ni uso wa kasha: ukiwa wa kioo kitupu, wenye ufa wa sentimita moja tu pembeni, hata feni sita zitakuwa zinanyonya kwa mrija. Na kasha lililofungiwa kwenye kabati la meza linavuta hewa lililokwisha kuitema.

Wenye rejeta huuliza iwekwe juu au mbele. Mbele hupata hewa baridi, prosesa ikafurahi, na kadi ya grafiki ikapokea hewa iliyopashwa. Juu ni kinyume chake. Kwa mchezaji wa gemu ningechagua juu, kwa sababu kadi ndiyo yenye kazi kubwa, na prosesa ikiongezeka nyuzi nne haitalia.

Wati zikizidi

Kuna faili zinazoonyesha kila kitu kikiwa sawa: joto linapanda kwa utaratibu, feni zinazunguka, kipozaji ni cha moto kama inavyotakiwa. Ila safuwima ya wati inasoma 220 kwenye gemu. Hapo hakuna kilichoharibika, umeme tu umemwagwa bila kipimo.

Intel Core i9-13900K imeandikwa wati 125 kama matumizi ya msingi na 253 kama kilele. Mazabodi nyingi zilikuwa zikitoka kiwandani zikiwa zimeondoa vikomo hivyo, kisha zikaongeza volti kwa usalama wa ziada, ili zionekane za kasi kwenye vipimo. Tabia ya kumwaga volti ina gharama. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhoofika na kuyumba kwa sababu ya volti iliyopanda kupita kiasi, wakatoa maikrokodi mpya (maelekezo ya ndani ya prosesa) kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Ukiwa na prosesa za vizazi hivyo, sasisha BIOS kabla ya kununua chochote, kisha uchague mpangilio wa msingi wa Intel badala ya ule wa mazabodi. Hili si la joto pekee: prosesa iliyokwisha kudhoofika haiponi kwa sasisho.

Kupunguza volti ndiyo dawa ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ya ule mraba. Punguza volti asilimia 8 huku mwendo ukibaki uleule, na joto linashuka kama asilimia 15. Kwenye Ryzen mpya kuna Curve Optimizer, mpangilio wa kupunguza volti, ndani ya BIOS. Anza na hasi 10 kwa viini vyote, cheza siku kadhaa, shuka hadi hasi 15 au 20 kama hakuna kuganda wala kuzima. Asiyetaka kuhangaika awashe Eco Mode, inayowekea prosesa kikomo cha wati, na achague wati 65. Kwenye gemu hasara ya fremu (idadi ya picha zinazotolewa kila sekunde) mara nyingi ni ndogo kiasi cha kutoonekana, kwa sababu gemu haikuwa ikizihitaji wati hizo zote.

Njia nyingine haigusi BIOS kabisa. Weka kikomo cha fremu. Skrini yako ikionyesha fremu 144 kwa sekunde, gemu inayozalisha 260 inaifanyisha prosesa kazi ambayo hakuna jicho litakaloiona. Weka 140 kwenye mipangilio ya gemu au ya kadi ya grafiki, utazame wati zikishuka. Na kama unataka tu kujua ni kiasi gani cha joto kinatokana na mwendo wa ziada, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye prosesa nyingi huo mwendo wa ziada huzimika wote. Ni jaribio zuri. Kama makazi ya kudumu ni ubahili.

Miruko isiyo na maana, na yenye maana mbaya

Gemu nyingi mpya zikifunguliwa mara ya kwanza, au baada ya kusasisha programu ya kadi ya grafiki, hutayarisha sheda (programu ndogo zinazoielekeza kadi jinsi ya kuchora) kwa dakika kadhaa zikitumia viini vyote. Joto litagonga mahali usipopazoea, kisha litashuka. Ndivyo ilivyo pia kwenye menyu zisizo na kikomo cha fremu, ambako picha nyepesi hutolewa mamia kwa mamia kila sekunde bila mtu kucheza. Hakuna cha kutengeneza hapo zaidi ya kikomo cha fremu.

Prosesa ikiwa na joto kubwa huku hakuna gemu iliyofunguliwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, upange orodha kwa matumizi ya prosesa. Kwa kawaida ni sasisho au kikagua virusi. Wakati mwingine ni programu ya kuchimba sarafu za kidijitali iliyojipenyeza pamoja na gemu iliyopakuliwa kwa wizi, na baadhi yake hunyamaza kimya mara unapofungua orodha hiyo. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na faili la vipimo: lenyewe huendelea kuandika huku mwizi akidhani hatazamwi.

Ikizima ghafla

Kompyuta iliyozimika katikati ya gemu hulaumiwa joto la prosesa papo hapo. Fungua faili la vipimo usome mstari wa mwisho. Kama lilikuwa likipanda 97, 99, 100 na mwendo wa viini ukiporomoka, sawa, prosesa ilijiokoa. Lakini mstari wa mwisho ukisoma nyuzi 71, mwendo kamili, feni zimetulia, prosesa haina hatia. Tazama wati za kadi ya grafiki kwenye sekunde za mwisho, maana pawa saplai dhaifu hukata umeme kadi inapovuta ghafla. Kumbukumbu za Windows zitaandika tukio la Kernel-Power namba 41, ambalo linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Halitaji aliyeizima, kwa hiyo usiliache likakupeleka kwenye pesti.

Na ukisharekebisha kitu, rekebisha kimoja tu, kisha rudia kipimo kilekile: gemu ileile, sehemu ileile ya gemu, nusu saa, chumba kikiwa na joto linalokaribiana. Ukibadilisha pesti, ukageuza feni na kushusha volti siku moja, utapata prosesa ya baridi na hutajua ni kipi kati ya vitatu kilichokuwa kibovu, mpaka kitakaporudi.